Chumba cha bei nafuu Pwani: Uliza chandarua kabla ya kutoa arbuni

Kila likizo ya Aprili inapokaribia, matangazo ya hoteli za Pwani huzagaa jijini Nairobi: magazetini, kwenye vioo vya afisi za mawakala wa usafiri na, siku hizi, hata kwenye simu za mkononi. Bei zilizokuwa juu wakati wa Krismasi huteremka ghafla, na mzazi aliyekuwa akitazama picha za bahari kwa mbali huanza kupiga hesabu.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa wazazi waliovutwa na bei hizo. Ni miaka michache tu iliyopita. Tunaishi Kangemi, na wakati huo watoto wetu walikuwa wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miezi kumi na minne. Nilipanda matatu hadi mjini, nikaingia katika afisi moja ya wakala karibu na Moi Avenue, na baada ya nusu saa nikatoka na risiti mfukoni na furaha moyoni. Nilikuwa nimepata chumba cha siku nne kwa karibu nusu ya bei ya kawaida.

Niliuliza maswali matatu tu: bei ni ngapi, hoteli iko umbali gani kutoka ufuoni, na je, kuna kidimbwi cha kuogelea? Nilijibiwa vyema. Sikuuliza habari ya chandarua, naye wakala hakunieleza.

Tulipofika tulikuta chumba safi chenye shuka nyeupe. Lakini kilikuwa orofa ya chini, kando ya mtaro wa maji ya mvua. Wavu wa dirisha ulikuwa umetoboka, na juu ya kitanda palikuwa na kulabu ya kutundikia chandarua bila chandarua chenyewe. Tulilala usiku nne feni ikizunguka na mbu wakiimba. Tulirudi Nairobi tukiwa tumechangamka, kila mtu akisema likizo ilikuwa nzuri.

Siku ya kumi na moja baada ya kurudi, kitinda mimba wetu alishikwa na joto. Katika zahanati ya kwanza tulipewa dawa ya maji ya kuteremsha joto na nyingine ya kifua. Siku ya tatu mtoto alikuwa amelegea na akikataa kunyonya. Tulipomkimbiza kwenye kituo cha pili, muuguzi alimtazama, akamshika paji la uso, kisha akanigeukia.

"Baba, huyu mtoto ametoka safari?" akauliza.

Nikamwambia tulikuwa Mombasa. Hakusema neno zaidi. Alimtoboa mtoto kidole, akachukua tone la damu, na kabla ya nusu saa kupita tulikuwa tumepata jibu: malaria. Mtoto alilazwa siku tatu akidungwa sindano, akapona. Nilipopiga hesabu niligundua kuwa zile pesa nilizookoa kwa wakala ziliishia zote hospitalini. Lakini si pesa zilizoninyima usingizi. Ni zile siku tatu tulizokaa na mtoto nyumbani tukidhani ana mafua.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo ambalo ningependa kila mzazi wa Kangemi, Kawangware, Riruta, Kilimani au Westlands alijue kabla ya kulipia chumba. Bei ya hoteli haihesabiwi siku ya kulipa. Huhesabiwa mwezi mmoja baadaye, watoto wakiwa wazima.

Kwa nini bei hushuka?

Hoteli za Pwani zina misimu miwili mikubwa ya wageni. Mmoja ni Desemba hadi Machi, wakati pepo za kaskazi zinavuma, bahari imetulia na wageni kutoka Ulaya wanakimbia baridi ya kwao. Mwingine ni Julai na Agosti, shule za huko na za hapa zinapofungwa. Kati ya misimu hiyo, kuanzia Aprili hadi Juni, huja mvua ya masika. Bahari huchafuka, kusi huanza kuvuma, mwani hutupwa ufuoni na vyumba vingi hubaki vitupu. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa mwezi wa Mei ili zifanyiwe ukarabati.

Hapo ndipo Mkenya anapokumbukwa. Bei maalumu ya wakazi huteremshwa zaidi na watoto huruhusiwa kulala na wazazi bila malipo. Hali kama hiyo imewahi kuonekana pia wakati wa matatizo. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 watalii wa kigeni walikimbia, na wenye hoteli wakalazimika kuwatafuta wageni wa humu nchini. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, mambo yakawa yale yale.

Hakuna ubaya wowote katika bei hizo. Familia nyingi za Nairobi zisingeiona bahari kama si msimu huo. Lakini mzazi afahamu kwamba mvua inayoteremsha bei ndiyo hiyo hiyo inayojaza madimbwi, na madimbwi ndiyo makao ya viluwiluwi vya mbu. Wiki chache baada ya masika kuanza, mbu huongezeka na malaria hufuata. Kwa maneno mengine, punguzo na mbu huja kwa gari moja.

Mtoto wa Nairobi na mbu wa Pwani

Wazazi wengi hujiuliza: "Mbona watoto wa Mombasa na Kilifi wanaishi huko siku zote na hawafi?" Swali hilo lina jibu.

Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake huwafanya vimelea vya malaria wakue polepole mno ndani ya mbu, na kwa hivyo maambukizi ya hapa ni machache sana. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka ya kwanza ya mji huu, kabla ya vinamasi vyake kukaushwa, malaria iliwasumbua wakazi. Leo wengi wa wanaopatikana na malaria Nairobi ni watu waliotoka safarini.

Mtoto anayezaliwa mahali penye malaria nyingi na akaponea miaka yake ya kwanza hujenga kinga kiasi. Kinga hiyo haizuii kuambukizwa, lakini husaidia ugonjwa usiwe mkali. Mtoto wa Kangemi hana kinga hiyo hata kidogo. Mwili wake unakutana na adui kwa mara ya kwanza. Na mzazi aliyekulia Busia, Siaya au Kwale asijidanganye. Kinga hupungua mtu akikaa miaka mingi bila kuambukizwa. Baba aliyeondoka Msambweni akiwa kijana, na sasa ana miaka kumi na mitano Nairobi, anaweza kuugua sana sawa na mgeni.

Ni kweli kwamba malaria ya Pwani imepungua sana tangu miaka ya 1990, na leo eneo linalozunguka Ziwa Victoria ndilo lenye mzigo mkubwa zaidi nchini. Hata hivyo kupungua si kwisha. Aidha, chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa humu nchini Septemba 2019 ilipelekwa katika sehemu za magharibi mwa Kenya zenye malaria nyingi. Kwa hivyo, mtoto aliyemaliza chanjo zake za kawaida katika kliniki ya Nairobi asidhaniwe kuwa amekingwa dhidi ya malaria.

Isitoshe, malaria siyo peke yake. Mombasa imewahi kukumbwa na milipuko ya homa ya dengue, na kati ya mwisho wa 2017 na 2018 kulikuwa na mlipuko wa chikungunya uliowaacha watu wengi wakiumwa na viungo. Maradhi hayo mawili huletwa na mbu wa aina nyingine, anayeuma mchana na kuzaana katika maji safi yaliyotuama kwenye ndoo, vyungu vya maua na magurudumu ya zamani. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Basi mtoto anahitaji ulinzi usiku na mchana.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya arbuni, piga simu kwenye hoteli yenyewe, hata kama unapitia kwa wakala. Zungumza na mtu wa mapokezi na umuulize maswali haya, ukiandika majibu:

Kwanza, je, kila kitanda kina chandarua chenye dawa, pamoja na kitanda cha mtoto? Hoteli nyingi huweka chandarua kwenye kitanda kikubwa na kusahau kile kidogo cha ziada kinacholetwa jioni.

Pili, madirisha yana wavu? Na je, wavu huo ni mzima?

Tatu, chumba nitakachopewa kiko upande gani? Vyumba vya bei ya chini kabisa mara nyingi ndivyo visivyopendwa na wageni wengine: vya orofa ya chini karibu na mtaro, vya kando ya jiko au jenereta, au vya upande usiopata upepo wa bahari. Uliza kama unaweza kuongeza kidogo upate chumba cha juu. Lakini ukiwa na mtoto anayejifunza kutembea, uliza pia kama roshani ina vizuizi vya kutosha na kama nafasi kati ya vyuma haimruhusu kupenya.

Nne, je, kuna ukarabati unaoendelea? Mwezi wa Mei unaweza kuuziwa chumba karibu na mafundi wa rangi na saruji, na mtoto mwenye pumu akateseka usiku kucha.

Tano, kidimbwi cha kuogelea kimezungushiwa ua? Kuna mwokoaji saa zote au mchana tu?

Sita, hospitali iliyo karibu ni ipi, na usiku gari hupatikana? Aliye Diani afahamu kuwa hospitali kubwa ya kaunti iko Msambweni. Aliye Mombasa ana Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wenyeji wengi wangali wanaiita Makadara.

Saba, nikiahirisha kwa sababu mtoto ameugua, pesa zangu zitarudishwa?

Swali hilo la mwisho ni la afya sawa na la chandarua. Bei ya chini kuliko zote kwa kawaida ndiyo isiyorudishwa. Mzazi aliyekwisha kulipa pesa zisizorudi humfunga mtoto mwenye homa mgongoni na kusafiri naye saa nyingi, akijipa moyo kwamba hewa ya bahari itamponya. Afadhali kulipa zaidi kidogo upate ruhusa ya kubadilisha tarehe kuliko kulazimishwa na risiti kusafiri na mgonjwa.

Hesabu ya kweli

Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa si bei yote. Uliza kwanza kama imejumlisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 na ule wa utalii wa asilimia 2. Uliza kama ni bei ya chumba au ya kila mtu, kwani hoteli nyingi hutaja bei ya mtu mmoja kwa usiku mmoja. Uliza watoto wanalipa kuanzia umri gani. Kisha uliza chakula.

Hebu tupige mfano. Tuseme hoteli ya kwanza inataka shilingi 8,000 kwa usiku, chumba na kiamshakinywa. Kwa usiku nne ni shilingi 32,000. Sasa ongeza chakula cha mchana na cha jioni. Ikiwa baba na mama watatumia shilingi 1,000 kila mmoja kwa kila mlo, na mtoto wa miaka mitano shilingi 500, hiyo ni shilingi 5,000 kwa siku, yaani 20,000 kwa siku nne. Jumla ni shilingi 52,000.

Hoteli ya pili inataka shilingi 11,500 kwa usiku pamoja na milo yote. Kwa usiku nne ni shilingi 46,000. Ile iliyoonekana ghali imekuokolea shilingi 6,000. Tena imekuondolea shida ya kutembea na watoto gizani mkitafuta chakula saa ambazo mbu wanatafuta chakula chao.

Zipo njia nyingine za kupata punguzo bila kuchukua chumba kibaya. Bei za Jumapili hadi Alhamisi huwa chini ya zile za mwisho wa wiki. Wiki ya Pasaka bei hupanda hata kama ni Aprili, kwa hivyo ikwepe. Familia mbili zinaweza kukodi nyumba moja yenye jiko na kugawana gharama, lakini hapo nunueni vyandarua vyenu wenyewe. Beba kitambulisho, kwani bei ya wakazi hutolewa kwa mwenye kitambulisho.

Tahadhari pia na matapeli. Wapo wanaotumia picha za hoteli isiyo yao na kutaka utume arbuni kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Nambari ya hoteli itafute mwenyewe, ipigie, uthibitishe kuwa jina lako limeandikwa. Unapolipa kwa M-Pesa, soma jina linalojitokeza kabla ya kubonyeza nambari yako ya siri. Likiwa si la hoteli wala la wakala unayemjua, acha.

Mkifika chumbani

Msifungue masanduku kwanza. Tandaza chandarua na ukikague dhidi ya mwanga. Tundu ambalo kidole chako kinapita, mbu hapati shida. Ukiona kimetoboka, rudi mapokezi upewe kingine, na kama hakuna, omba chumba kingine. Huo ndio wakati wa kulalamika, si siku ya kuondoka.

Mzazi mwenye busara hubeba chandarua chake kutoka nyumbani. Hakina uzito kushinda jozi ya viatu, na kamba na misumari miwili ya kugandisha ukutani haigharimu kitu. Umuhimu wake si hadithi. Utafiti uliofanywa Kilifi kati ya 1993 na 1995 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban theluthi moja. Ikiwa vilifanya hivyo kwa watoto wenye kinga kiasi, vipi kwa mtoto asiye nayo kabisa?

Kiyoyozi husaidia kwa kuwa madirisha hufungwa, na feni huwasumbua mbu, lakini hakuna kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya chandarua. Stima ikipotea usiku wa manane vyote hunyamaza.

Jioni wavishe watoto nguo za mikono mirefu na suruali nyepesi. Wapake dawa ya kufukuza mbu kwenye ngozi iliyo wazi, lakini si viganjani, machoni wala mdomoni. Mtoto aliye chini ya miezi miwili asipakwe kamwe. Kwake yeye chandarua ndicho ngao.

Maji na kidimbwi

Baada ya mbu, kinachowaharibia watoto likizo ni tumbo. Wape maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa mbele yenu, na hata meno wapigie maji hayo. Barafu itokayo kwa maji msiyoyajua iepukeni. Katika meza za hoteli ambapo kila mtu anajipakulia, chagua chakula kinachotoa mvuke na uache kile kilichokaa tangu asubuhi. Maembe na machungwa yamenyweni wenyewe.

Beba pakiti kadhaa za unga wa kurudisha maji mwilini pamoja na tembe za zinki. Mtoto akiendesha, koroga pakiti moja katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake na umpe kidogo kidogo, huku ukiendelea kumnyonyesha na kumlisha. Usipokuwa na pakiti, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji, vyote vikiwa sawa bila kilele.

Ama kuhusu kidimbwi, wazazi wengi hudhani mtoto anayezama hupiga kelele. Sivyo. Huzama kimya kimya, katika muda mfupi kuliko wa kusoma ujumbe mmoja wa simu. Maboya ya kujaza pumzi ni vitu vya kuchezea, si vya kuokoa maisha. Mtoto mdogo awe karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamgusa. Wazazi wapeane zamu waziwazi: "Sasa ni wewe unayemtazama." Pale ambapo kila mtu anatazama, mara nyingi hakuna anayetazama. Na bahari ya kusi isichezewe. Mwenyeji akikuambia leo usiingie majini, mtii.

Dawa za kujikinga

Zipo dawa za kumeza za kuzuia malaria kwa wasafiri wasio na kinga. Nenda kwa daktari wiki tatu kabla ya safari ukiwa na watoto, kwa sababu kipimo hutegemea uzito wa mtoto na baadhi ya dawa huanzwa mapema. Mefloquine humezwa mara moja kwa wiki na huendelea kwa wiki nne baada ya kurudi. Ile inayochanganya atovaquone na proguanil humezwa kila siku, ikianzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea kwa siku saba baadaye. Doxycycline haifai kwa watoto walio chini ya miaka minane.

Usimpe mtoto dawa zilizobaki kabatini. Klorokwini ambayo wengi wetu tulikua nayo iliachwa na Kenya kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998, kwa sababu vimelea walikuwa wameizoea.

Mama mjamzito, mtoto mchanga na mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu wapimiwe safari hiyo na daktari kwa makini zaidi. Pengine ni heri likizo yao iwe Naivasha au Nanyuki, nyanda za juu ambako baridi huwapunguza mbu, na bahari isubiri mwaka mwingine.

Baada ya kurudi

Hapa ndipo mimi nilipokosea zaidi. Vimelea vya malaria havionyeshi dalili siku ya kuumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua siku saba hadi mwezi mmoja, na mara nyingine zaidi. Wakati huo masanduku yamekwisha kufunguliwa, watoto wamerudi shule, na hakuna anayekumbuka Mombasa.

Kwa hivyo, ukirudi, andika tarehe ya kurudi mahali utakapoiona, tuseme kwenye kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Kwa miezi mitatu, homa yoyote ya mtoto ihesabiwe kuwa huenda ni malaria hadi damu ipimwe. Mpeleke siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu, kama vile cha Kangemi, Riruta au Westlands. Usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe mlangoni: "Tulikuwa Pwani wiki mbili zilizopita, naomba apimwe malaria." Mhudumu wa Nairobi huona mafua na vichomi siku nzima. Bila neno hilo, si rahisi akumbuke malaria.

Kipimo cha tone la damu hutoa jibu kwa muda wa dakika ishirini hivi. Kikionyesha hakuna kitu na homa ikaendelea, rudi upimwe tena. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa tembe za mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, vipimo sita kwa siku tatu, pamoja na maziwa au chakula. Zimalize zote hata kama mtoto amekwisha kuanza kucheza siku ya pili.

Zipo dalili zisizongoja asubuhi: degedege, kutapika kila anachopewa, kukataa kunyonya au kunywa, kulegea au kuzirai, kupumua kwa shida, na mkojo mweusi. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali kubwa mara moja, kwani malaria kali inaweza kuua katika muda wa siku moja.

Sisi tumewahi kurudi Pwani tangu wakati huo, tena msimu huo huo wa bei nafuu. Niliketi mbele ya wakala, karibu na ile afisi ya kwanza, nikiwa na karatasi yenye maswali saba. Kijana wa watu alitabasamu, akachukua simu na kuipigia hoteli. Ya kwanza haikuwa na vyandarua vya vitanda vya watoto. Ya pili ilikuwa navyo, kwa shilingi mia tisa zaidi kila usiku.

Nikalipa ya pili. Yule mdogo wetu sasa anasoma darasa la pili, na kila jioni kule Pwani alikuwa ndiye anayetukumbusha: "Baba, neti!"